Petroli iliyoandikwa kuwa pikipiki: jinsi WorldCom ilivyopika hesabu zake

Mchukue mwendesha bodaboda mmoja wa Mbagala. Amenunua pikipiki kwa shilingi milioni 3 na anategemea imfae miaka 5. Kwa mwaka anaingiza milioni 6. Petroli inakula milioni 4.5, na matairi, oili, gereji na bima vinakula milioni 1.5. Mwaka ukiisha mfukoni hamna kitu. Akiwa mkweli na daftari lake ataandika pia kwamba pikipiki imechakaa kwa laki 6, yaani moja ya tano ya bei aliyonunulia. Amepata hasara ya laki 6.

Sasa anatokea mtu mwenye fedha anayetaka kuingia naye ubia, na kabla ya kutoa chochote anaomba kuona daftari. Usiku ule bodaboda wetu anachukua milioni 3 za petroli, anazifuta kwenye ukurasa wa matumizi na kuziandika kwenye ukurasa wa mali, chini kidogo ya pikipiki. Anajiambia kwamba petroli ile nayo ni kitu cha miaka 5, kwa hiyo mwaka huu itahesabiwa laki 6 tu na zilizobaki zitasubiri miaka ijayo. Jumlisha upya: petroli iliyobaki kwenye matumizi milioni 1.5, gereji na mengineyo milioni 1.5, uchakavu wa pikipiki laki 6, "uchakavu" wa petroli laki 6. Jumla milioni 4.2. Ukitoa kwenye milioni 6, daftari linaonyesha faida ya milioni 1.8.

Hakuna aliyeiba noti hata moja. Mfuko bado ni mtupu, na petroli ilishakuwa moshi zamani. Kilichobadilika ni ukurasa tu. Lakini yule mwenye fedha atatoa fedha zake.

Kampuni ya simu ya Marekani iliyoitwa WorldCom ilifanya jambo hilo hilo kwa dola bilioni 3.8, kuanzia mwanzo wa 2001 hadi mwanzo wa 2002. Watu wakisikia udanganyifu wa hesabu za makampuni hufikiria ujanja wa kitaalamu wa kiwango cha juu, kampuni za mfukoni visiwani na mikataba ya kurasa mia tatu. Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyoanguka miezi michache kabla ya WorldCom, ilikuwa na hayo. WorldCom haikuwa nayo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhasibu angeona kosa lao kwa dakika chache, kama angeonyeshwa leja, yaani daftari kuu la hesabu. Ndiyo maana nakichagua kisa hiki kila ninapotaka kueleza udanganyifu wa hesabu: hesabu zake ni nyepesi, na uzito wote unabaki kwa watu walioshika kalamu.

Kampuni iliyokua kwa kununua

Ilianza 1983 huko Mississippi kwa jina la Long Distance Discount Services. Ilinunua dakika za simu za masafa marefu kwa jumla na kuziuza rejareja. Mwaka 1985 mmoja wa wawekezaji wake, Bernard Ebbers, alikabidhiwa uongozi. Ebbers alikuwa Mkanada, aliwahi kusambaza maziwa na kufundisha mpira wa kikapu, na wakati huo alikuwa anamiliki moteli kadhaa. Hakuwa mhandisi wala mhasibu. Alichojua vizuri ni kubana matumizi na kununua makampuni mengine, na alinunua mengi sana, akilipa kwa hisa za kampuni yake. Mwaka 1998 alimeza MCI, kampuni kubwa kuliko yake, kwa takriban dola bilioni 37.

Hapo ndipo shida ilipojificha. Ukinunua kampuni kwa hisa, bei ya hisa zako ndiyo fedha yako. Ikipanda, unanunua zaidi, unaonekana unakua, nayo inazidi kupanda. Mwaka 1999 hisa moja ya WorldCom ilipita dola 60. Mwishoni mwa 1999 Ebbers alitangaza kwamba anainunua Sprint, kampuni nyingine ya simu. Mwaka 2000 Serikali ya Marekani na Tume ya Ulaya zikakataa kwa hofu ya kuua ushindani. Mashine iliyokula makampuni ikakosa chakula, na wakati huo huo homa ya intaneti, yaani pupa ya kuwekeza kwenye kampuni za mtandao, ikaanza kushuka.

Ebbers mwenyewe alikuwa ameingia pabaya kwa namna ya binafsi. Alikuwa amekopa fedha nyingi kununua ranchi kubwa huko Kanada, misitu na biashara nyingine, na dhamana ya mikopo ilikuwa hisa zake za WorldCom. Kila hisa iliposhuka, mabenki yalimtaka aongeze dhamana. Bodi ya kampuni ikaanza kumkopesha fedha za kampuni ili asilazimike kuuza hisa zake, na kufikia 2002 mikopo na dhamana hizo zilizidi dola milioni 400. Mtu wa namna hiyo hawezi kusikiliza kwa utulivu habari kwamba robo hii ya mwaka hesabu hazikukaa vizuri.

Ada za njia

Ukipiga simu kutoka Airtel kwenda Vodacom, Airtel inailipa Vodacom kwa kila dakika iliyopita kwenye mtandao wake. WorldCom nayo ililipa makampuni mengine ili simu na data za wateja wake zipite kwenye nyaya zao. Tuziite ada za njia. Zilikuwa karibu nusu ya matumizi yote ya kampuni, na wachambuzi wa Wall Street walizifuatilia kwa karibu: katika kila dola 100 za mapato, ngapi zinakwenda kwenye ada za njia? Kampuni ilikuwa ikionyesha takriban 42.

Tatizo ni kwamba wakati wa homa ya intaneti WorldCom ilikuwa imesaini mikataba ya miaka mingi ya kukodi nyaya, ikiamini wateja wangefurika. Hawakufurika, na mkataba haujali kama waya una kitu ndani au ni mtupu. Ni kama mfanyabiashara aliyekodi fremu kumi Kariakoo, akapata bidhaa za kujaza tatu. Mwenye nyumba anadai kodi ya fremu zote kumi. Ada za njia zikapanda, mapato yakasinyaa, na ile 42 haikuwezekana tena kwa ukweli.

Mkurugenzi wa fedha, Scott Sullivan, aliyekuwa akisifiwa katika fani yake, alianza na njia ya kwanza: akiba za madeni. Kampuni ya simu haisubiri ankara zote zifike ndipo ifunge hesabu. Inakadiria itakachodaiwa na kukitenga, kama mama anayeweka fedha ya ada ya shule kwenye kopo kabla shule haijafunguliwa. Ikitokea ada imekuwa ndogo kuliko alivyokadiria, kilichobaki anaweza kukirudisha kwenye matumizi. Lakini akichota kwenye kopo kwa sababu tu anataka mezani kuonekane nyama, ada bado atadaiwa. Katika robo ya tatu ya 2000 wahasibu wa WorldCom waliagizwa kuchota dola milioni 828 kwenye makopo hayo, na robo iliyofuata milioni 407.

Mwaka 2001 makopo yalikuwa yamebaki matupu, nayo hisa ilikuwa bado inashuka. Ndipo Sullivan akaja na wazo la petroli. Kodi ya nyaya tupu, alisema, inajenga uwezo wa kampuni kupata mapato siku za mbele, kwa hiyo isihesabiwe kama matumizi ya leo. Iandikwe kuwa mali, ikatwe kidogo kidogo kwa miaka. Ukiisikiliza haraka inaingia akilini, na nadhani hiyo ndiyo hatari yake. Kanuni ya uhasibu haina utata hapa. Mali ni kitu unachokimiliki au kukidhibiti, kitakacholeta manufaa baada ya mwaka huu kwisha. Kodi ya Machi ikishalipwa, Machi ikaisha, huna kitu mkononi. Fremu tupu haikupi haki ya kuhamishia kodi yake mwaka 2005.

Robo ya kwanza ya 2001 zilihamishwa dola milioni 771. Zikafuata robo nyingine, moja baada ya nyingine, kila mara mamia ya milioni. Kampuni iliripoti faida ya takriban dola bilioni 1.4 kwa mwaka 2001. Kwa hesabu za kweli ulikuwa mwaka wa hasara.

Barua mbili za Oktoba

Mameneja wawili wa ngazi ya kati katika idara ya uhasibu huko Clinton, Mississippi, kwenye makao makuu ya kampuni, mwanamke na mwanamume, ndio walioagizwa kuingiza zile milioni 828 za kwanza. Walipinga. Mkuu wao naye hakupenda. Agizo lilitoka juu, na wote wakaambiwa ni mara moja tu. Wakaingiza. Kisha dhamiri ikawasumbua, na kila mmoja akaandika barua ya kujiuzulu.

Sullivan aliwaita. Hakuwafokea wala kuwatishia. Aliwaambia kampuni ni kama meli kubwa ya kivita inayobeba ndege, na ndege ziko angani. Tuzishushe kwanza, kisha anayetaka kuondoka aondoke. Aliwaambia hawakuwa wamevunja sheria na kwamba yeye ndiye angebeba lawama. Yule mama ndiye aliyeleta sehemu kubwa ya kipato cha nyumba yake, na bima ya matibabu ya familia ilitoka kazini. Clinton ni mji mdogo. Kazi nyingine ya mshahara ule isingepatikana pale kwa urahisi. Barua zote mbili hazikufika popote.

Kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi ya hesabu chini ya bosi anayeheshimika, chumba kile kinafahamika. Hakuna aliyeingia kazini siku ya kwanza akapewa leja ya uongo wa dola bilioni 3.8. Alipewa ya milioni 828 yenye maelezo, kutoka kwa mtu mwenye akili nyingi kuliko yeye, na ahadi kwamba haitarudiwa. Robo iliyofuata uongo wa kwanza ulidai wa pili, kwa sababu faida iliyotangazwa ilikuwa imeshakuwa kipimo cha faida inayofuata. Na kufikia hapo saini yake ilikuwa tayari kwenye uongo wa kwanza, kwa hiyo kukataa wa pili kulikuwa ni kujishtaki. Elimu ya maadili inayofundishwa kama orodha ya mambo yaliyokatazwa haimsaidii mtu aliyefika hapo. Alikuwa anajua imekatazwa, na barua ya kujiuzulu aliyoiandika inathibitisha hivyo.

Msamiati nao uliwasaidia kulala. Fedha zile zilipewa jina la "uwezo uliolipiwa kabla", jina linalosikika kama kitu halisi.

Waliofungua leja usiku

Cynthia Cooper aliongoza idara ya ukaguzi wa ndani. Alikulia pale pale Clinton, na kazi ya idara yake kwa kawaida ilikuwa kutazama utendaji; hesabu za fedha zilikuwa za wakaguzi wa nje, Arthur Andersen. Mwanzoni mwa 2002 mkuu wa kitengo cha simu za mkononi alimlalamikia kwamba dola milioni 400 alizotenga kwa ajili ya wateja wasiolipa zilikuwa zinachukuliwa na makao makuu ili kukuza faida. Cooper akawauliza Andersen. Wakamjibu kwamba wao wanapokea maelekezo kwa Sullivan. Sullivan akamkasirikia. Badala ya kurudi nyuma, Cooper akaamua idara yake itazame pia hesabu za fedha.

Hapa niseme jambo kuhusu wakaguzi wa nje, kwa sababu msomaji wa kawaida huamini kwamba hesabu zikishakaguliwa zimethibitishwa. Andersen ndani kwa ndani waliiweka WorldCom kwenye kundi la wateja wenye hatari kubwa kuliko wote. Waliomba kuiona leja kuu kwenye kompyuta, wakanyimwa, wakakubali kunyimwa. Waliendelea kusaini. Mkaguzi anayelipwa na anayekaguliwa, na anayeogopa kumpoteza, anaweza kuwa na wataalamu mia na bado asione kitu kilicho nyuma ya mlango ambao hakusukuma.

Mkaguzi mmoja wa timu ya Cooper alipata njia ya kuingia kwenye mfumo wa leja na kusoma maingizo yenyewe. Mfumo ulikuwa unalemewa mchana, hivyo akafanya kazi usiku, wakiogopa pia kuonekana. Akakutana na dola milioni 500 zilizoandikwa kuwa vifaa vya kompyuta, zisizo na ankara, zisizo na idhini, zisizo na hati yoyote. Akanakili ushahidi kwenye sidii asije akafutiwa. Wakaendelea kufukua hadi maingizo yakafikia mabilioni.

Tarehe 11 Juni 2002 Sullivan alimwomba Cooper aahirishe ukaguzi hadi robo ya tatu ya mwaka. Hakuahirisha. Alimfuata mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi ya bodi, na akaenda pia kwa wakaguzi wapya wa nje, KPMG. Kisha akafanya jambo dogo ambalo kwangu ndilo kitovu cha kisa chote: alikwenda mezani kwa yule mama, akamwuliza hati za maingizo zilipo. Mama akajibu kwamba maingizo aliyafanya yeye na hati hakuwa nazo. Wakapanda ngazi moja, kisha nyingine. Mdhibiti wa hesabu, David Myers, naye akakiri kwamba hapakuwa na msingi wa kanuni.

Bodi ilimpa Sullivan nafasi ya kujieleza kwa maandishi. Maandishi yake hayakuwashawishi KPMG, wala Andersen waliokuwa wamesaini hesabu zile. Alifukuzwa. Tarehe 25 Juni kampuni ilitangaza kwamba dola bilioni 3.8 za gharama zilikuwa zimeandikwa kuwa mali. Tarehe 21 Julai ikaomba kinga ya mufilisi, ikiwa na mali za vitabuni zaidi ya dola bilioni 100. Marekani haikuwa imeona mufilisi mkubwa kama huo, na haikuona mwingine hadi benki ya Lehman Brothers ilipoanguka 2008. Uchunguzi ulipoendelea, jumla ya hesabu zilizopikwa ilifika takriban dola bilioni 11. Wafanyakazi 17,000 walitangaziwa kupunguzwa kazi, na wengi huko Clinton walikuwa wameweka akiba ya uzeeni kwenye hisa za mwajiri wao.

Afrika Mashariki tuna kumbukumbu zetu. Oktoba 2015 Benki Kuu ya Kenya iliiweka Imperial Bank chini ya usimamizi baada ya bodi ya benki hiyo kwenda yenyewe kueleza kwamba mambo yalikuwa yameendeshwa isivyo. Hiyo ilikuwa wiki chache tu baada ya kifo cha mkurugenzi mtendaji, na muda mfupi baada ya benki kuuzia umma hati fungani za shilingi bilioni 2. Mbinu ilikuwa tofauti na ya WorldCom. Lakini nikiviweka visa hivi kando kwa kando najiuliza swali lile lile: ndani ya jengo, nani alikuwa na nafasi ya kufungua leja bila kumwomba bosi ruhusa?

Nini kilibadilika, na wapi pa kutazama

Tarehe 30 Julai 2002 Rais George W. Bush alisaini sheria ya Sarbanes-Oxley. Mkurugenzi mkuu na mkurugenzi wa fedha sasa husaini wenyewe kuthibitisha hesabu, na anayethibitisha uongo kwa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka 20. Mkaguzi wa nje huajiriwa na kamati ya ukaguzi ya bodi, si na yule anayekaguliwa. Makampuni yanayouza hisa kwa umma yamekatazwa kuwakopesha wakurugenzi wake kama WorldCom ilivyomkopesha Ebbers. Mfanyakazi anayefichua udanganyifu analindwa asifukuzwe.

Na wewe uliyenunua hisa chache Dar es Salaam au Nairobi, ukashika ripoti ya mwaka? Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha na uiweke kando ya faida. Bodaboda wetu alikuwa na faida ya milioni 1.8 na mfuko mtupu. Kampuni inayotangaza faida kila mwaka huku fedha inayobaki, baada ya kulipia kila kinachoitwa uwekezaji, haionekani, inadaiwa maelezo. WorldCom ilikuwa na ujanja hata hapo: ada iliyohamishiwa kwenye mali ilihama pia kutoka fedha za uendeshaji kwenda fedha za uwekezaji, ndipo uendeshaji ukaonekana una afya. Ni lazima usome safu zote mbili pamoja. Fuatilia pia kampuni ambayo mali yake inakua wakati wenzake katika biashara hiyo hiyo wanapunguza.

Ebbers alisimama mahakamani New York mwaka 2005 akisema hakuwa anaelewa mambo ya uhasibu. Sullivan alitoa ushahidi dhidi yake. Baraza la wazee wa mahakama halikumwamini Ebbers, na alihukumiwa miaka 25. Aliachiliwa Desemba 2019 kwa ugonjwa, akafa Februari 2020. Sullivan alipata miaka 5. Myers alipata mwaka mmoja na siku moja.

Yule mama aliyeandika barua ya kujiuzulu Oktoba 2000 alikiri kosa na kushirikiana na waendesha mashtaka. Agosti 2005 alihukumiwa miezi 5 gerezani na miezi 5 ya kufungiwa nyumbani. Mwenzake, mwandishi wa barua ya pili, alipata miaka 3 chini ya uangalizi. Sullivan alikuwa amewaahidi kwamba lawama angeibeba yeye.